Baba Mkubwa na Kiyoyozi Alichokifungia Kabatini

Baba mkubwa ni mtu ambaye ukimwomba sindano anakuuliza kwanza ile ya mwaka jana uliipeleka wapi. Mtaani wanamwita Kufuli. Yeye anadhani hilo ni jina la heshima. Mtu akimpungia mkono kwa mbali, "Kufuli, za leo?", anatikisa kichwa polepole kama kiongozi anayekagua gwaride, na funguo zilizoning'inia kiunoni zinamsaidia kuitikia.

Funguo zenyewe nyingi ni za milango ambayo haipo tena. Nilimwuliza siku moja huu mrefu wenye meno mawili ni wa nini.

"Geti la kiwanda."

"Lakini kiwanda si kilibomolewa, baba mkubwa?"

"Geti kubomolewa ni jambo moja," akasema. "Ufunguo kutolewa ovyo ni jambo jingine."

Nimekaa na jibu hilo hadi leo na bado sijalielewa, ila mama mkubwa, ambaye ameishi naye tangu kabla sijazaliwa, alinishauri nisijisumbue. "Mwanangu, mimi nilijaribu kumwelewa nikaota mvi. Wewe soma masomo yako."

Kiwanda hicho kilikuwa cha magodoro, na Kufuli alikuwa mtunza stoo wake kutoka ujana hadi alipostaafu. Ukitaka balbu, ulete kwanza iliyoungua. Ukitaka sabuni, uoneshe mikono. Kilele cha maisha yake, hadithi anayoisimulia kila mgeni akikaa vizuri kwenye kiti, ni siku ile rundo la sponji lilipowaka moto uani. Wafanyakazi walikimbilia mitungi ya kuzimia moto, wakakuta kutani misumari mitupu. Kufuli alikuwa ameishusha yote na kuifungia stoo, isije ikaibiwa. Naye alikuwa ameenda kula. Watu walizima moto kwa mchanga na kwa makoti yao, mmoja akaungua nyusi zisirudi tena. Kufuli aliporudi alifungua stoo, akahesabu.

"Na unajua nini?" humwambia mgeni, akijiegemeza nyuma. "Mitungi yote ilikuwepo. Hata mmoja haukupotea."

Mgeni hutazama chini. Mama mkubwa huenda jikoni.

Walipomuaga walimpa kabati la chuma la stoo, lile refu la milango miwili. Yeye anasema alipewa kwa heshima. Mimi nadhani halikupita kwenye mlango wa ofisi mpya, na yeye pia hakuna aliyejua pa kumweka, basi wakawatoa pamoja.

Sasa, kiyoyozi. Mama mkubwa anashona magauni ya harusi. Chumba chake ni kile cha pembeni, kina dirisha moja linalotazama uchochoroni, cherehani, meza ya kukatia, na mwanasesere wa mbao asiye na kichwa ambaye huvaa vizuri kuliko sisi sote. Kiangazi chumba kinachemka. Na nguo nyeupe haitaki jasho. Satini ndiyo mbaya zaidi: tone moja likianguka, linaacha duara ambalo hata ukifua halitoki, linakutazama tu kama jicho. Mama mkubwa alikuwa na ombi moja tu duniani, chumba kikavu cha baridi ambamo angeweza kushona cheupe bila kukitolea jasho. Binti yao mkubwa, anayefanya kazi mbali, alilisikia ombi hilo, akaleta kiyoyozi. Kizuri, cha kazi mbili: kiangazi kinapoza, kipupwe unabonyeza kitufe kingine kinatoa joto. Boksi la ndani likafungwa juu ya dirisha. Boksi la nje, lile lenye feni, likawekwa uchochoroni juu ya vyuma viwili, usawa wa kifua.

Mwanzoni kilifanya kazi hadi mama mkubwa akavaa sweta. Nilikuwa nikirudi shule naingia mle kusema shikamoo na kukaa kwenye sakafu ya baridi, nikishangaa upepo huo unatoka wapi na kwa nini nje boksi la pili linapuliza moto.

Kisha Kufuli akasikia kwenye duka la kona kwamba mtaa wa nyuma mtu kaibiwa boksi la nje, usiku, vyuma na vyote.

Alirudi nyumbani mbio. Alimaliza siku akipimapima kwa kamba, na kesho yake akaita vijana wawili, wakalitoboa lile kabati mgongoni, wakalikokota uchochoroni, wakalivalisha boksi la nje kama mtu anavyomvika mtoto gunia. Akaacha tundu moja, la kupitisha mabomba. Akafunga milango, akatia makufuli. Halafu akarudi nyuma hatua chache kutazama, mikono kiunoni.

"Mwizi aje sasa," akasema.

"Na hewa?" mama mkubwa akauliza kutoka dirishani.

"Hewa gani?"

"Ile feni inapuliza. Umeifungia na pumzi yake."

"Mama watoto, wewe shona. Mambo ya ulinzi niachie mimi."

Kipupwe kilipofika tukabonyeza kitufe cha joto. Kiyoyozi kilivuta, kikaguna, kikatoa upepo kama wa mlango wa friji. Mimi kwa udadisi wangu nilichungulia kwenye lile tundu la mabomba kwa tochi, nikaona boksi limeota barafu nyeupe, nene, kama dari la friza. Nikamwambia Kufuli. Ungedhani sasa atafungua. Alifungua kweli, lakini peke yake, akatufukuza uchochoroni tusione ufunguo upi unaingia wapi. Alipotoka akatangaza kwamba kitu kinasikia baridi, maskini, ndiyo maana kimeganda, naye amekifunika blanketi.

Mama mkubwa alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa kwanza, akaiweka mezani, ndipo akacheka.

Tulipita kipupwe kwa masweta. Kiangazi kikarudi, na pamoja nacho likaja gauni.

Lilikuwa la binti wa mama mmoja mwenye duka la vioo, mama mrefu, mpole wa sauti na mkali wa macho. Kitambaa alikileta mwenyewe, satini nzito iliyotoka mbali, na akakilaza mezani kama anayelaza mtoto. "Kipande ni hiki tu, dada," akamwambia mama mkubwa. "Hakuna kingine cha kufanana nacho. Nimekuletea wewe kwa sababu nimeambiwa mkono wako hautetemeki."

Mkono hautetemeki, ni kweli. Ila kipaji cha uso kinatoka jasho kama cha binadamu mwingine yeyote. Asubuhi kiyoyozi kilikuwa kinaanza vizuri. Jua likipanda, boksi la nje linaanza kuguna mle kabatini, linaguna, halafu linakatika kabisa, na la ndani linabaki likipuliza vuguvugu lile lile la chumbani. Likishapoa linawaka tena, linajivuta kidogo, linazimika. Mama mkubwa akawa anashona kwa kuvizia.

Na bwana mkubwa wa ulinzi, alifanya nini? Alifanya kila kitu isipokuwa kile kimoja. Alibadilisha betri za rimoti. Alishusha namba ya baridi hadi ya chini kabisa, "kiogope kidogo," akasema, kana kwamba kiyoyozi ni kibarua wa kiwandani. Aliziba nyufa za dirisha kwa vipande vya sponji, maana sponji za kiwandani anazo tele. Alipiga marufuku pasi, na mshonaji bila pasi ni kama mwalimu bila chaki. Alisimama chini ya boksi la ndani akilipepea kwa gazeti, mtu mzima, babu wa watu, analipepea boksi ambalo kazi yake ni kutupepea sisi. Mwishowe akanigeukia mimi.

"Wewe unaingia sana humu. Mwili wa kijana una joto."

"Mume wangu angeweza," mama mkubwa akaniambia bila kunyanyua macho, "hewa angeitia chupani, akatugawia kwa kijiko, na tungeonesha kwanza kijiko cha jana."

Siku iliyofuata tone lilianguka. Nilikuwepo. Alikuwa anapachika mkunjo wa mbele, akainama, na tone likatoka kwenye nyusi likatua kwenye satini, kwa sauti ambayo naapa niliisikia. Mama mkubwa alikitazama kile kiduara kikitanuka. Kisha akachukua kifumulio, akafumua paneli yote ya mbele, kazi ya siku nzima, akakata nyingine kwenye kitambaa kilichobaki. Alipomaliza, kilichobaki mezani kilikuwa vipande vya upana wa mkono.

"Hili ndilo la mwisho," akasema. "Likianguka tone jingine, sina cha kukatia."

Akaita fundi.

Fundi wa viyoyozi alikuwa kijana wa miwani ya jua aliyoipandisha kwenye nywele, mwenye kujipenda mno, na simu yake haikubanduka sikioni. Aliingia akiongea nayo, akaweka begi la vifaa chini akiongea nayo, akatoka uchochoroni akiongea nayo. Alipoliona kabati, akaikata.

"Mzee, hili ni la nini?"

"Usalama."

"Wa nani?"

"Wa mashine."

"Inatishiwa na nani kuliko wewe?" Akagonga mlango wa kabati kwa kiungo cha kidole, akaurudisha mkono haraka, akaupuliza. Chuma kilikuwa cha moto. "Fungua, mzee, nimalize niende zangu."

"Anzia ndani," Kufuli akasema.

"Ndani hakuna tatizo."

"Anzia ndani. Safisha chujio, ongeza gesi, fanya mnavyofanya."

Fundi akashusha miwani machoni, kana kwamba hakutaka kumwona sawasawa. "Mzee, mtu kazibwa pua, wewe unaniambia nimtibu kwa kumchana nywele?"

Mimi nikaingilia, kwa sababu swali lilikuwa linaniwasha tangu mwanzo. Nikamwuliza boksi la nje lina kazi gani hasa. Akajibu vizuri tu, nadhani ili amkomoe Kufuli.

"Baridi hakuna anayeitengeneza, dogo. Mashine inachota joto la chumbani, inalipitisha kwenye yale mabomba, inakuja kulimwaga hapa nje. Sasa babu yako kalimwagia kabatini. Joto halina pa kwenda, linarudi, mashine inalichota tena. Ni kama mtu anayeogea kwenye beseni, kisha anayarudia maji yale yale, kesho tena, keshokutwa tena, halafu anashangaa mbona hatakati. Ikizidiwa inajizima yenyewe isiungue. Ina akili."

"Inamzidi nani?" mama mkubwa akauliza kutoka dirishani.

Kufuli hakufungua. Alisubiri fundi aondoke kwa hasira zake, kisha akatueleza. "Mmeona alivyokuwa anatupia macho bawaba? Mmeona alivyogonga? Alikuwa anasikiliza unene wa bati. Yule ndiye wanayemtuma mbele."

"Nimemwita mimi," mama mkubwa akasema.

"Na wewe nani alikupa namba yake?"

Hapo mama mkubwa alifunika gauni kwa shuka, taratibu, pembe hadi pembe. Akazungusha waya wa cherehani, akaufunga. Akatoa sindano zote kwenye kimto cha kuzichomekea, akazirudisha moja moja kwenye kopo lake. Kufuli alikuwa mlangoni akimtazama, na funguo zilikuwa kimya.

"Unafanya nini?"

"Nahama. Msusi wa barabarani ana chumba cha nyuma chenye kiyoyozi kinachopumua. Kesho nabeba cherehani, nitakuwa huko kuanzia kunapokucha hadi jua litue."

"Kwa siku ngapi?"

"Gauni hili. Na litakalofuata. Na yote."

Akajaribu kicheko. "Na hapa nani atapika?"

"Kabati la vyombo liko pale. Wewe si bingwa wa makabati."

"Mama watoto, mashine ikiibiwa je?"

"Imeshaibiwa," akasema. "Mwizi ni wewe. Mwizi wa barabarani angalau angeipeleka mahali ikatumika. Unaniangalia nini? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, ila mimi sikujidunga. Mimi nilidungwa, na nimekaa nao tangu siku ile ya kabati nikisubiri uuchomoe. Gauni la mtoto wa watu haliwezi kusubiri."

Kufuli alizishika funguo zake kiunoni. Akatoka. Tukasikia funguo zikienda uchochoroni, zikisimama, zikienda tena. Mama mkubwa alikaa kwenye stuli, mikono mapajani, uso wake umelowa, na hakuufuta kwa sababu sasa hapakuwa na kitu cheupe chini yake.

Baada ya muda akarudi. "Mwite yule kijana wako," akasema. "Lakini nasimama hapo hapo."

Fundi alirudi mchana ule ule, akijifanya hana muda. Kufuli akatuamuru tugeuke tutazame ukuta, mimi, mama mkubwa na fundi mwenyewe, tukageuka kama wanafunzi waliochelewa. Tukasikia kufuli moja, la pili, la tatu. Milango ilipofunguka lilitoka joto likatupiga migongoni kama pumzi ya tanuri la mikate.

Ndani, boksi lilikuwa bado limevaa blanketi la kipupwe.

Blanketi lilikuwa limekuwa la kahawia upande mmoja na linanuka nywele zilizoungua. Fundi alilivuta kwa ncha ya bisibisi, akalining'iniza, akamtazama Kufuli kwa muda mrefu. Sikuwahi kuona dharau kubwa namna ile ikikaa kwenye uso mdogo namna ile.

"Mzee," akasema, "uliogopa itapata mafua?"

Aliondoa manyoya ya blanketi kwenye vibati vyembamba vya nyuma vinavyotolea joto kwa brashi laini, akapuliza kwa maji, akanyoosha vilivyolala. Akapima gesi, ikawa ipo yote, haikuwa imepungua hata chembe. Akawasha. Boksi likanguruma, na likaendelea kunguruma. Mama mkubwa aliingia chumbani, akasimama chini ya upepo, akafumba macho. Kisha akafunua gauni.

"Sasa hili kabati litoke," fundi akasema akifunga begi. "Ukitaka ulinzi, tafuta fundi wa kuchomelea, akuwekee kizimba cha nondo. Hewa inapita, mwizi hapiti. Watu wote wanafanya hivyo."

"Fundi wa kuchomelea," Kufuli akarudia, akatabasamu kwa huruma, kama anayeongea na mtoto. "Akishakiunga yeye, si atajua kinavyofunguliwa?"

Fundi aliishusha tena miwani machoni. Alichukua begi lake. Nilimsindikiza hadi kona, na njia nzima alikuwa akinong'ona peke yake.

Basi kabati halikutoka. Wala halikufungwa. Milango yake yote miwili imeachwa wazi, na mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, amekaa baba mkubwa. Anakaa kutoka kiyoyozi kinapowashwa hadi kinapozimwa. Alijaribu kukaa pembeni, akasema pembeni mlango unamziba, haoni uchochoro wote. Kwa hiyo anakaa katikati, mgongo kwenye feni, na joto lote la chumba cha mama mkubwa, joto la pasi na la taa na la cherehani na la mwili wangu wa kijana, linachotwa humo ndani na kumwagwa shingoni mwake. Shati lake linapepea kama bendera. Wapita njia wanamsalimu, naye anatikisa kichwa kwa ukubwa ule ule. Mtoto mmoja alimwuliza anauza nini.

Mwenye duka la vioo alikuja jana na binti yake kulijaribu gauni. Lilimkaa binti kama limemwagwa juu yake, jeupe tupu, halina jicho hata moja. Mama yake alilizunguka, akagusa mkunjo wa mbele, akavuta pumzi. Halafu akatazama dirishani.

"Dada, yule mzee pale nje ni mlinzi wenu?"

Mama mkubwa alikuwa amepiga magoti kwenye pindo, na midomo yake ilikuwa imebana pini. Alizitoa.

"Ni mlinzi," akasema. "Mshahara hadai. Kinachomsumbua ni ruhusa ya kwenda msalani."

Nilimpelekea maji. Nilifungua dirisha kidogo, nikapitisha kikombe. Kufuli alikipokea bila kugeuka, macho yapo uchochoroni, jasho linamtiririka hadi kwenye funguo. Akanywa yote, akanirudishia kikombe juu ya bega.

"Rudisha dirisha haraka," akaniambia. "Unamtolea mama yako baridi."

Nikalirudisha.